Gari la Spoti la Swaibu na Chumvi ya Barabarani

Ijumaa iliyopita nilirudisha ovaroli, miwani ya kazi na ufunguo wa kabati langu, nikapanda treni kutoka Rissne hadi mjini Stockholm, nikabadilisha njia na kurudi nyumbani Alby kama siku nyingine yoyote. Nyinyi wenzangu wadogo wa karakana mliniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi zamani. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tunachotaniana nacho kwenye chumba cha kahawa, wa Goma, wa Bujumbura na wa Mbeya, kila mtu na chake. Vyeo sitavieleza. Mwanamke anayelala chali chini ya magari ya watu hana cheo kikubwa cha kusimulia.

Nilifika Uswidi kutoka Uvira nikiwa na binti mdogo, Furaha, na ujuzi wa kuuza vitenge. Mama mmoja wa ofisi ya kazi aliniwekea nafasi mbili za majaribio mezani: kuhudumia wazee, au karakana ya kukinga magari dhidi ya kutu. Wenzangu wa kanisani wote walikuwa kwa wazee, na walisema wazee wanapenda maongezi. Mimi nilichagua magari kwa sababu nilijua hayataniuliza habari za vita.

Siku ya kwanza ilikuwa katikati ya majira ya baridi. Magari yaliingia yakiwa na rangi moja tu, ile ya kijivu ya matope na ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, hata ukashindwa kujua lipi jekundu na lipi jeusi. Nilikabidhiwa kwa fundi mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma na ndevu zilizoanza kuingia mvi. Huyo ndiye Swaibu. Alikuwa Mganda wa Jinja, alikimbia nchi yake akiwa kijana, akakaa Nairobi miaka ya kutosha kuokota Kiswahili chake, kisha akaja huku. Alinitazama toka kichwani hadi kwenye buti zilizonizidi ukubwa.

"Kutu unaijua, dada?"

"Ya bati la nyumba naijua."

"Basi unajua nusu. Ile nusu nyingine hujificha."

Akainua gari kwa lifti, akanipa taa na kioo kidogo chenye mpini mrefu, kama cha daktari wa meno, akaniambia nimtafutie mahali ambapo pamelika. Nilitafuta mpaka shingo ikauma. Nje gari lilikuwa zuri kabisa. Mwishowe akachukua bisibisi, akagonga taratibu lile boksi la chuma linalopita chini ya milango, kutoka mbele kwenda nyuma. Ko, ko, ko, halafu pu. Hapo kwenye pu akasukuma, na bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Maji ya kahawia yakanimwagikia usoni. Alicheka sana, kisha akaniletea kitambaa safi, na kuanzia hapo tukawa marafiki.

Aliyonifundisha mengi mnayajua, lakini hamjui yalitoka kwa nani. Kwamba kuosha kwanza, tena kwa maji ya moto na kutoka chini kwenda juu, kwa sababu chumvi hupanda. Kwamba kukausha ndiyo kazi yenyewe; kupuliza nta ni kumalizia tu. Ukipuliza juu ya unyevu umemfungia mwizi ndani na kuondoka na ufunguo. Nta nyembamba kwa mashimo ya ndani, itambae yenyewe hadi kwenye viungo. Ile nzito kwa madigadi, inakopigwa kokoto. Breki na ekzosi zifunikwe. Na vile vitundu vidogo vya kutolea maji chini ya milango visizibwe kamwe. Swaibu alikuwa na waya mwembamba wa kuvizibulia, aliuvaa shingoni kama mwalimu wa michezo anavyovaa filimbi.

Magari ya spoti yalikuwa somo la peke yake. Waswidi wengi huyafungia ikifika vuli na kuyatoa majira ya kuchipua, na kwa sisi hilo lilikuwa jambo jema. Lakini wako waliotaka kuyaendesha kwenye theluji. Nakumbuka daktari mmoja wa meno aliyekuwa na gari jeupe, lililo chini kiasi kwamba nikipiga magoti nilikuwa mrefu kulizidi. Tairi za gari kama lile ni pana. Zinachota kokoto na chumvi na kuzirusha ubavuni mwake lenyewe. Rejeta iko mbele chini kabisa, inameza kila takataka ya gari lililotangulia. Tulimwekea wavu laini mbele ya rejeta, tukambandikia plastiki angavu kwenye bampa, nyuma ya magurudumu na chini ya milango, tukampakia dawa kwenye mipira ya milango isigande. Kisha Swaibu akamwambia aoshe chini ya gari kila wiki. Akaitikia kwa heshima. Aliporudi baada ya majira ya baridi, ilikuwa wazi kwamba kilichooshwa ni vioo tu.

"Watu hupenda gari kwa macho," Swaibu aliniambia siku hiyo. "Mikono hawataki kuiingiza."

Yeye alipenda kwa mikono. Mteja mmoja mzee alifariki akiacha gari la spoti la viti viwili, rangi ya buluu iliyoiva, limelala muda mrefu kwenye banda lenye unyevu. Warithi walitaka liondoke tu. Swaibu akalichukua. Mabati ya chini yalikuwa yamelika, bolti hazigeuki, panya wamezaa kwenye kiti cha abiria. Jumamosi karakana ikifungwa, bosi alimwachia funguo, naye akawa analikata, analichomelea, analikwangua. Mimi nilibaki mara nyingi kumshikia taa. Furaha alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, na nyumba tupu sikuipenda.

Hapo ndipo nilipomzoea Hadija, mkewe. Hadija alizaliwa Jinja lakini alilelewa na shangazi yake Mombasa, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wengine wote tuonekane tunababaika. Alikuwa mpishi katika shule moja ya Tensta. Jumamosi adhuhuri alituletea chapati na maharage ya nazi, akavuta kigoda na kukaa mbele ya lile gari kama mtu anayetazama mchezo wa kuigiza usiomfurahisha.

"Wifi," ananiambia, kwa kuwa mimi nilimwita mumewe kaka, "umepata kuona mtu mwenye familia akanunua gari la viti viwili?"

"Mtoto wetu ni mmoja, na sasa ni mkubwa," Swaibu anajibu kutoka chini ya gari. "Viti viwili vyatosha. Changu na chako."

"Cha kwangu kina panya."

"Wameshahama."

Hadija alikuwa na hamu moja. Watoto wa shule walikuwa wamemwonyesha picha za ile mianga ya kijani inayocheza angani kule kaskazini, ambayo Waswidi huiita *norrsken*. Aliniambia kwamba alipoiona picha alinyamaza, na yeye hakuwa mtu wa kunyamaza. Alitaka kuiona kwa macho yake kabla hajarudi Afrika kuzeeka.

"Nitakupeleka," Swaibu akasema. "Kwa hili hili gari."

Tatizo mnaliona. Mianga ile haionekani kiangazi, maana kule juu jua halitui. Inataka giza la baridi, na baridi ndiyo chumvi. Gari lilipokamilika lilikuwa zuri kuliko siku lilipotoka kiwandani, na nasema hivyo nikiwa nimeliona kila kona ya tumbo lake. Kiangazi alimpeleka Hadija ziwani, alimpeleka Uppsala, alimzungusha hadi pwani. Ikifika Oktoba alilishusha kwenye gereji ya chini ya jengo lao, Rissne, akalifunika shuka, akatoa betri.

"Mwaka huu vipi?" Hadija alikuwa akiuliza.

"Mwaka huu bado. Nataka kwanza kuongeza kinga ya nyuma. Mwakani."

Mwakani ilikuwa jibu lake la kila mwaka. Mara kinga ya nyuma, mara tairi, mara walisema baridi itakuwa kali. Hadija angeweza kupanda ndege au treni, na mimi nilimwambia hivyo. Alinijibu kwa sauti ya chini, Swaibu asisikie: "Wifi, mianga naweza kuiona na yeyote. Mimi namtaka huyu bwana alitoe hili gari kwa ajili yangu wakati hataki kulitoa." Tukacheka. Sikuliona kuwa jambo zito wakati ule, wala yeye hakulisema kama jambo zito.

Kisha Hadija akaanza kukonda. Alisema ni kazi ya jikoni. Madaktari walipopata jina la ugonjwa, ulikuwa umekwisha kutembea mwilini.

Jumatatu moja ya mwezi wa pili Swaibu alinikuta nikivaa buti. Hakunisalimu.

"Mama Furaha, nisaidie. Nataka kuliandaa liende kaskazini. Daktari amesema akiweza kukaa, aende sasa."

Bosi alituachia nafasi ya mwisho karibu na ukuta, na wenzetu wakachukua kazi zetu bila kuulizwa. Sijawahi kufanya kazi kwa namna ile. Tuliliosha ingawa lilikuwa safi, tukalikausha kwa mafeni ya joto hadi asubuhi iliyofuata. Nilipitisha mpira wa kupulizia kwenye kila tundu, nikasubiri nione nta ikichuruzika kwa chini. Tulibandika plastiki angavu upande wote wa mbele na ubavuni, tukaweka wavu wa rejeta, tukafunga vikinga-matope vya mpira nyuma ya magurudumu, ambavyo kwa gari la sura ile ni kama kumvalisha bibi harusi gambuti. Tairi za misumari, zisizoteleza kwenye barafu, akazifunga mwenyewe. Kila nilipomtazama alikuwa anagusa mahali ambapo tumeshamaliza.

"Limetosha, kaka," nikamwambia.

"Lilitosha miaka yote, Mama Furaha," akasema. "Lilitosha tangu mwanzo."

Nikaendelea kukunja mipira.

Waliondoka Jumatano. Hadija alikuwa amevaa makoti mawili na kilemba cha sufu, chupa ya chai mapajani, mablanketi hadi kifuani. Alifungua kioo akaniambia, "Wifi, ukiona hatujarudi, ujue nimemzuia huko huko," na gari likaingia kwenye tope la chumvi la barabara kuu kama gari lolote.

Mianga hawakuiona. Kila usiku waliokaa kule juu mawingu yalitanda, theluji ikaanguka. Swaibu alikuwa akiliegesha gari kando ya ziwa lililoganda, anazima taa, wanakaa kwenye giza na joto la injini, wanangoja. Hadija alisinzia, akaamka, akauliza, "Bado?" akasinzia tena. Yote haya aliniambia Hadija mwenyewe, nilipokwenda kumwona hospitalini juma lililofuata. Alikuwa mdogo sana kitandani, lakini macho yake yalikuwa na ule utundu.

"Wifi, nimeona mawingu ya gharama kubwa," akasema. "Na ungeliona gari! Chafu! Chafu kama basi la Tensta. Na yule bwana hakusema neno. Hata moja."

Alifariki kabla theluji haijaisha.

Siku za msiba nilikuwa kwao kila jioni baada ya kazi, kuosha vyombo pamoja na kina mama wa msikitini. Musa, mtoto wao, alikuja kutoka Gothenburg, akazika, akarudi kazini kwake kwa kuwa hakupewa siku za ziada. Siku moja watu walipopungua, Swaibu aliniomba nishuke naye kwenye gereji.

Gari lilikuwa pale pale alipoliegesha waliporudi. Chumvi ilikuwa imekauka juu yake, nyeupe-nyeupe, nene kwenye madigadi, imeingia kwenye kila mfereji. Mkono wangu ulitafuta mpira wa maji wenyewe.

"Kaka, hili linalika. Mbona hujaliosha?"

Akanizungusha upande wa abiria, akawasha taa ya simu. Kwenye mlango, chini kidogo ya kioo, palikuwa na alama ya kiganja. Vidole vitano na sehemu ya chini ya mkono, buluu safi katikati ya ule uchafu mweupe. Hadija alijishikilia pale aliponyanyuka kutoka kwenye kiti, na gari lilikuwa chini sana kwa mtu mgonjwa. Kidole gumba kilikuwa kimeteleza kidogo.

"Hakuvaa glavu," Swaibu akasema. "Nilimwambia avae."

Tulisimama pale hadi taa za gereji, zinazojizima zenyewe, zikazimika. Nikapunga mkono zikawaka.

Nilifikiri kama fundi, maana hilo ndilo nililokuwa nalo. Nikamwambia kinacholika ni chini, mlango una rangi nzima na nta nzuri, utavumilia. Tuoshe kote, mlango tuuache. Alinitazama kama nimemletea kitu kutoka mbali. Siku iliyofuata nilikuja na mkanda na plastiki. Nilijenga kijihema juu ya ule mlango, plastiki isimame mbali na bati, nikaziba pembeni zote. Tukangoja siku ambayo lami ilikuwa kavu, akaliendesha polepole hadi karakanani. Niliosha tumbo lake kwa maji ya presha ndogo, nimelala kwenye ubao, kwa saa nyingi, na hakuna aliyewasha redio. Nta yetu ilikuwa imeshika. Kote nilikopitisha taa hapakuwa na hata alama ya kutu. Katika maisha yangu ya kazi sikuwahi kuona kinga iliyofanikiwa namna ile, na sikuwahi kuona fundi aliyeifurahia kidogo namna ile.

Gari likarudi gerejini na kijihema chake. Swaibu alikuwa akishuka mara kwa mara baada ya sala. Sikuuliza anafanya nini huko.

Kiangazi Musa alipata likizo, akaja kukaa na baba yake. Ni kijana mwema. Nawaambia hili kabla ya mengine. Jumapili nilikuja na Furaha tukiwa tumebeba sombe, yale majani ya muhogo, na samaki. Tulikuwa mezani Musa alipoingia, mikono ya shati imekunjwa, uso unang'aa.

"Baba, njoo uone kitu," akasema kwa Kiswidi, kisha akanigeukia mimi. "Shangazi Faida, wewe na Furaha nanyi njooni."

Nilijua kabla lifti haijafika chini. Nadhani Swaibu naye alijua, kwa sababu alishika kile chuma cha pembeni mwa lifti.

Gari lilikuwa linameta kama kioo. Plastiki yangu ilikuwa imekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya ndoo.

"Niliona hamkumaliza upande huu," Musa akasema. "Nikasema nikusaidie, Baba. Umechoka. Nimeosha na nimepiga nta mara mbili."

Swaibu alitembea hadi kwenye mlango. Alisimama mbele yake, nasi tukajiona wote wanne kwenye ile rangi, yeye mbele. Akanyoosha mkono, nikadhani ataugusa, lakini alimshika mwanawe begani.

"Asante, mwanangu," akasema. "Umefanya kazi safi. Mafundi wangu wenyewe hawafanyi hivi."

Musa akacheka kwa furaha. Hakuwa amewahi kumsikia baba yake akimsifu kwa kazi ya mikono.

Tulipokuwa tunavaa viatu kuondoka, Swaibu alinisindikiza hadi mlangoni, akavuta mlango nyuma yake.

"Asiambiwe," akasema.

"Kaka, pengine siku moja angependa kujua..."

"Amenipa alichokuwa nacho. Asiambiwe, Mama Furaha."

Kabla ya likizo kwisha alimpa Musa lile gari. Alisema magoti yake hayakubali tena kukaa chini hivyo. Akaendelea na kazi hadi kustaafu, akanifundisha hadi siku ya mwisho, kisha akarudi Jinja, ambako, alisema kwenye simu, barabara zina kila ubaya isipokuwa chumvi. Alifia huko mwaka jana.

Musa amehamia Stockholm, na analiendesha gari lile baridi na kiangazi, kama inavyotakiwa gari liendeshwe. Kila vuli hulileta kwangu. Wiki iliyopita lilikuwa ndilo gari langu la mwisho, na nyinyi mlidhani mmenipangia hivyo kwa heshima. Kumbe alikuwa ameomba mwenyewe. Nilipolishusha kutoka kwenye lifti alikuwa amesimama upande wa abiria.

"Shangazi," akasema, na safari hii alijitahidi kwa Kiswahili, "Baba, kila simu, aliuliza: mlango wa abiria uko je? Injini hajauliza. Mlango tu. Mimi nasema uko sawa, yeye anasema vizuri. Sasa hayupo, mimi najiuliza. Huu mlango una nini?"

Mlikuwa mnakunywa kahawa, hamkusikia. Nilichukua taa, nikapiga goti. Niliupitisha mwanga polepole kutoka kwenye bawaba hadi kwenye kitasa, chini ya kioo, kwenye ukingo, kwenye vitundu vya maji. Rangi ilikuwa nzima, laini, haina mkwaruzo. Yeye akawa ameinama karibu nami, anatazama ninapotazama.

"Hauna kitu, mwanangu," nikamwambia.